Kikosi kilichokataa kuwaacha wenzao Weusi

MWAKA 1951, kikosi cha kandanda ya Kimarekani cha Chuo Kikuu cha San Francisco kilicheza mechi tisa na kushinda zote. Hata hivyo, msimu huo uliishia kwa machungu.

Mchezo huo si soka ijulikanayo Afrika Mashariki. Hukaribiana zaidi na raga, kwani wachezaji hubeba mikononi mpira wenye umbo la yai na kuvunja ngome ya wapinzani kwa nguvu na kasi.

Chini ya kocha Joe Kuharich, wanafunzi wa chuo hicho cha Kikatoliki walitegemea mno miguu ya Ollie Matson. Alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, akiwapiku wachezaji wote wa vyuo nchini humo msimu huo. Katika ulinzi, Burl Toler alikuwa mwiba. Wawili hao walikuwa Weusi.

Kwa desturi, vyuo vilivyotia fora hualikwa kucheza mechi za heshima wakati wa Mwaka Mpya, zikiwemo Orange Bowl na Sugar Bowl. Mechi hizo zilikuwa na pato nono. Lakini nyingi ziliandaliwa majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi wa rangi ulilindwa na sheria.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wachezaji, walidokezewa kwamba wangealikwa iwapo Matson na Toler wangeachwa nyumbani. Wenzao walikataa katakata. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mwaliko haukuja.

Pigo hilo lilikuwa zito kuliko kukosa kikombe. Chuo kilikuwa kimelemewa na gharama za kikosi, na pato la mechi moja kubwa lingepunguza mzigo huo. Baada ya msimu, kikosi kilivunjwa.

Hata hivyo, vipawa havikuzimika. Wachezaji tisa walijiunga na ligi ya kulipwa ya NFL. Watatu miongoni mwao, Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, baadaye waliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Afisa wa habari za michezo chuoni wakati huo, Pete Rozelle, aliiongoza NFL kuanzia 1960 hadi 1989.

Matson alinyakua medali ya shaba katika mbio za mita 400 kwenye Olimpiki za Helsinki, 1952, na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti.

Toler naye aliumia goti mwaka huo huo, jeraha lililomzuia kucheza katika ligi ya kulipwa. Aligeukia ualimu, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu jijini San Francisco. Mnamo 1965 aliteuliwa kuwa mwamuzi wa kwanza Mweusi katika NFL, na mnamo 1980 akachezesha Super Bowl. Yule aliyefungiwa mlango akiwa mchezaji akawa ndiye anayeamua uwanjani.