Unaenda Nanyuki? Panga Malipo Kabla ya Kupanda Mlima

Wikendi ndefu ikifika, wengi wetu hukimbilia Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi. Kuna wanaoenda kupunga hewa tu, na kuna wanaotaka kufika kilele cha Lenana, mita 4,985. Wote wanategemea simu kulipa, kwa hivyo tumekuandalia haya machache.

Ikweta: uliza bei kwanza
Ukitoka Nairobi, bango la ikweta liko kabla tu ya kuingia mjini. Vijana hapo watakuonyesha maji yakizunguka upande huu, halafu ule. Ni burudani, lakini pia ndiyo kazi yao. Salimia, uliza ni ngapi, mkubaliane kabla ya onyesho kuanza. Kwa wauza vinyago, kupatana bei ni kawaida. Kumpiga mtu picha bila kumwomba, hapana.

Nyumba: soma jina
Ukiombwa malipo ya awali, angalia jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la mwenye nyumba wala la biashara uliyoongea nayo, simama hapo. Piga simu uulize.

Mlimani: lipa ukiwa na mtandao
Ada ya kuingia mbuga hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo imalize ukiwa mjini. Kadiri unavyopanda, mtandao hupotea, na baridi humaliza betri haraka. Usiku, lala na simu ndani ya blanketi lako. Beba pia pesa taslimu kidogo.

Jambo kubwa zaidi ni wapagazi. Mtu amekubebea mzigo siku tatu kwenye baridi, mnashuka langoni, simu yako imezima. Yeye anaenda nyumbani mikono mitupu, na wewe unabaki na ahadi ya “nitakutumia kesho”. Kesho hiyo mara nyingi husahaulika. Fanya hivi:

- Kubaliana malipo na mwongozaji na kila mpagazi kabla ya safari.
- Andika namba na jina la kila mmoja kwenye karatasi, si kwenye simu pekee.
- Bakshishi mtumie kila mtu kwa namba yake. Ukimpa mmoja agawe, wengine wanaweza kukosa.
- Tuma “na ya kutoa”. Mkikubaliana 1,000, ada ya wakala isimle mtu jasho lake.
- Ngoja aseme ujumbe umeingia, ndiyo muagane.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba pesa irudishwe mara moja, kabla haijatolewa. Na mtu yeyote akikuomba PIN, hata akisema anatoka kwetu, usimpe. Sisi hatuiulizi kamwe.

Beba sweta. Safari njema!