Viti Mbili, Gunia Zero

Tusidanganyane: hakuna mtu hununuanga ndai ya viti mbili ju anaihitaji. Ni kama kuvaa raba nyeupe April. Unajua itakuchoma, na bado unatoka nayo.

Mi nimeidai tangu class six. Mwaka jana nikafikisha thao mia nane kwa sacco, nikafanya kosa ya kutangaza kwa hao. Mzae akaweka chai chini, akauliza: "Na gunia ya viazi utaweka wapi?" Buda hajabeba gunia ya viazi tangu tuhamie Umo. Lakini kwake kila gari hupimwa kwa gunia. Probox ni gunia nane, so Probox ni gari ya watu wa akili. Uncle naye, hakuna aliyemuuliza, akaingilia na plot ya Joska. Kila familia iko na uncle wa plot Joska. Ukimwambia una homa, atakwambia ushike eighth Joska kabla bei ipande.

Najua uko na uncle kama huyo na mfuko kama yangu. Kaa hapa tubonge.

Kwanza tuzike ile stori ya jaba ya "nitatoa moja Japan." Sheria ya Kenya inataka gari isizidi miaka nane tangu isajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe right. Hizo coupe tuliweka kwa wallpaper ya simu zilishafungiwa mlango wa Mombasa kitambo. Ukiona moja inazunguka Nai, iliingia zamani, imelelewa na wasee watano, na mmoja wao lazima alikuwa Subaru boy.

Na zile bado zinaruhusiwa? Cheki hesabu. Chukua gari KRA imeipa value ya mita moja. Sio ile bei uliona Japan, ni ya KRA na list yao. Import duty 35%, unafika 1,350,000. Excise 20% kama engine haipiti 1500cc, unafika 1,620,000. VAT 16%, unafika 1,879,200. IDF na railway levy bado hazijaketi mezani. Engine ikipita 1500cc excise inakuwa 25%, petrol ikipita 3000cc ni 35%, na hapo ushuru inapita value ya gari yenyewe. Na hii yote ni baada ya kupona ile motor vehicle tax ya Finance Bill 2024, 2.5% ya value ya gari kila mwaka. Hiyo nayo ingetumaliza.

Kuna mbili za kuotea ndoto huku. Mazda MX-5 ya kisasa, ile soft top ya Japan, engine 1,496cc. Mazda walikuachia cc nne za kupumua. Roho yake ni ndugu ya ile iko kwa Demio na Axela 1.5, kwa hivyo sio mgeni hapa. Ingine ni Honda S660, 658cc na turbo, waliacha kuitengeneza 2022. Tamu kuangalia. Lakini ukitoa roof, unaikunja kama mkeka na kuiweka kwa kasanduku ka mbele, na hapo ndio boot imeisha. Chips ya soo utabeba kwa mapaja. Zote mbili zinaipita thao mia nane ukizitoa Japan, so tufunge hiyo tab.

Twende yard.

Ugonjwa wa msee wa budget ni mmoja: anaona Mjerumani. SLK ya zamani, Z4 ya zamani, leather, roof inajikunja, hadi caretaker anaanza kukuita boss. Na bei ni ya Vitz. Hapo ndio ujiulize, mbona gari ya mubaba inauzwa bei ya Vitz? Ni ju mubaba ameona bill.

Mi nilikuwa nishaingia box. Yard moja, sitaitaja, broka akabonyeza button ya roof anioneshe maajabu. Roof ikapanda nusu, ikakwama hewani, wazi kama mdomo wa kiboko. Mawingu yakakusanyika. Broka, bila hata aibu: "Hiyo ni fuse tu." Nilivyotoka walikuwa wanaitafutia turubai. Kwa lugha ya mabroka, "ni fuse tu" ni kama "niko hapa stage" ya msee bado anaoga.

Na haikuwa bahati mbaya yangu pekee, hizi roof ziko na historia. Z4 ya kwanza, ya 2002 hadi 2008, motor ya roof iko chini kwa kona ya nyuma, penye maji ya mvua inafaa kupitia ikishuka. Majani ikiziba mfereji, motor inaogelea hadi inakufa. SLK nayo ugonjwa uko kwa engine: kizazi cha pili zenye V6 za mwanzo zina gear ya balance shaft inayolika mapema, na kuifikia lazima engine itolewe. "Engine itolewe." Maneno mawili ghali kuliko yote kwa Kiswahili. Kama umependa sura ya Z4, kuna Coupe ya 2006 hadi 2008, paa imeshikana, hakuna sarakasi. Ni chache. Ukipata moja ya bei rahisi, kimbia.

Nissan 350Z? Hiyo ni coupe ya ukweli, viti mbili, hakuna kujifanya. 3.5 V6, na familia hiyo ya engine ilikaa pia kwa Murano, kwa hivyo ukitafuta spare Grogan hautaangaliwa kama mwendawazimu. Shida ni sheli. Z kwa jam ya Jogoo Road inakunywa kama uncle kwa ruracio. October 2023 super ilifika 217.36 hapa Nai, na kila tarehe 14 EPRA wanaweza kukukumbusha. Utaiosha kila Saturday na kuipaki hadi Saturday ingine.

CR-Z nimeskia ukitaja. Sporty kwa macho, Fit kwa roho, na hizi za Japan ziko na viti mbili za nyuma za kukalisha mkoba. Battery ya hybrid ikizeeka utajuta. Na tafadhali, usiiwekee exhaust ya kupiga kelele. Kelele ya simba, mbio ya kondoo. Mtoi wa boda akikupita hapo Outering utahama mtaa.

Sasa songa karibu nikwambie jina: Toyota MR-S. Ilitoka 1999, ikaisha 2007. Engine iko nyuma ya mgongo yako, mbele ya tairi za nyuma, vile Ferrari zingine hupangwa. Uzito ni kama kilo elfu moja tu, so inakata kona kama pikipiki. Na siri ndio hii: engine ni 1ZZ, 1.8, ile ile ya Wish ya zamani. Wish, maze! Ile shuttle ya ocha, watu tisa na kuku. Hakuna fundi Kirinyaga Road hajawahi kuishika. Ukienda kuitisha spare ya engine, sema ni ya Wish. Usitaje sports car. Ukitaja sports car bei inaruka mtaro.

Haiko bila dhambi. 1ZZ za mwanzo hukunywa oil, so vuta dipstick mwenyewe, na uwashe engine ikiwa baridi uone kama kuna moshi ya blue. Ingine ni hatari zaidi: kwa manifold ya exhaust kuna catalytic ndogo ndogo, zikizeeka zinavunjika, na hiyo vumbi inarudi kwa engine inaikwaruza. Fundi atoe oxygen sensor, achungulie ndani na torch. Broka akikataa, ushapata jibu. Halafu epuka zile za SMT, gear bila clutch pedal. Ziko na pampu ya hydraulic, na wewe umetoka tu kukimbia roof ya hydraulic ya Mjerumani. Chukua pedali tatu.

Roof ni kitambaa, eeh, na msee wa wembe tao anajua. Paki penye soja anakujua kwa jina. Lakini unaifunga kwa mkono, dirisha ya nyuma ni glasi, hakuna motor ya kuogelea. Mizigo? Mbele kuna spare wheel, nyuma ya viti kuna mashimo ya kuweka begi ya gym. Viazi kumi na mbili, ukizipanga kwa upole.

Test drive usiifanyie Expressway. Huko hata mkokoteni ungeskika fiti. Iingize mtaa, penye bumps zilichorwa na adui. Utazipita kwa upande kama kaa, wasee wa boda watacheka, wacha wacheke, wewe skiza chini. Inama ucheki bumper imeshikwa na nini. Nimeona body kit ya fiberglass imefungwa na cable tie saba. Nilizihesabu. Halafu fanya search ya logbook kwa eCitizen kabla hata ya kununulia broka soda, ju logbook ikiwa imewekwa rehani, unanunua deni ya mtu na tairi nne.

Na usimalize hiyo mia nane yote. Acha thao mia na hamsini kando, ya tairi, oil, shock na insurance. Kwa gari ya umri huu, usishangae ukipewa third party tu.

Uncle ametuma pin ya Joska tena wiki jana. Nikacheki barabara: murram, mitaro, mawe. MR-S haifiki hapo ng'o. Plot imejitoa yenyewe, mi sijasema kitu. Mzae naye ameuliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo kiti ya pili ina mwenyewe Sunday.

Bado nasaka. Pedali tatu, ya 2002 kupanda, rangi yoyote isipokuwa purple. Ukiiona mtaani kwenu, nipigie kabla uwaambie mbogi.