Je, Wajua? Mchicha Unaoishinda Dawa

Je, wajua kwamba moja ya magugu yanayowatesa zaidi wakulima wa soya Marekani ni ndugu wa mchicha tunaoupika kwa nazi? Ni mchicha wa Palmer. Kwao ni nyika kame za kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na wenyeji wa huko walikula majani na mbegu zake.

Je, wajua kwamba huweza kurefuka sentimita 5 kwa siku? Ukiliona lina kimo cha kiganja ukasema utapiga dawa wiki ijayo, utalikuta magotini. Dawa nyingi hulimudu likiwa chini ya sentimita 10.

Mmea jike mmoja huweza kuangusha mbegu 500,000. Mmoja!

Je, wajua usugu wake kwa dawa ulitoka wapi? Mwaka 1996 Marekani ilianza kupanda soya isiyodhurika na glifosati, dawa ya kuua magugu. Unapiga dawa, magugu yanakufa, soya inabaki. Wengi wakaishika dawa hiyo peke yake, msimu baada ya msimu. Kufikia 2005, mchicha sugu ulikuwa umethibitishwa katika jimbo la Georgia, kwenye pamba. Na tuelewane hapa, maana wengi hukosea: dawa haiufundishi mmea usugu. Inaua wenzake wote, kisha inamwachia shamba yule mmoja aliyezaliwa nao. Glifosati huzima kimeng'enya ambacho bila hicho mmea haukui. Mchicha sugu wa Georgia ulikutwa na nakala za jeni ya kimeng'enya hicho hata zaidi ya 100, ukikitengeneza kwa wingi kuliko dawa inavyoweza kukizima. Chavua ya dume hupeperusha usugu huo hadi kwa jirani.

Je, wajua kwamba kubadili jina la kopo si kubadili dawa? Soma kiambato. Kama ni kilekile, hujabadili kitu.

Kuna habari njema: mbegu nyingi za mchicha huu hufa udongoni ndani ya miaka michache. Ukizuia mbegu mpya kwa misimu minne hivi, akiba inakwisha. Ndiyo maana wengine hupanda soya kwa mistari ya karibu ili kivuli kifunge ardhi mapema. Kwa lengo hilohilo, Ray Harrington, mkulima wa Australia Magharibi, alibuni mashine inayosaga mbegu za magugu kwenye makapi wakati wa mavuno.

Na ukiung'oa kwa mkono, utoe nje ya shamba. Ukilazwa kati ya mistari, mvua moja tu hutosha kuurudishia mizizi.