Kwa Nini Daktari wa Watoto Afundishwe Utafiti?

Yako mambo ambayo jicho la daktari peke yake haliwezi kuyaona. Kwa miaka mingi, vitabu viliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu atiliwe maji mengi mshipani kwa haraka.

Baina ya 2009 na 2011, madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na wenzao wa Uingereza, waliipima tiba hiyo. Watoto 3,141, wasiougua kuharisha, waligawanywa kwa kura. Waliotiliwa maji kwa haraka walionekana kupata nafuu upesi zaidi. Hata hivyo, katika saa 48, walikufa 10 au 11 katika kila 100. Wasiotiliwa, 7.

Tofauti hiyo huonekana kwa kuhesabu tu. Ndiyo maana daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya watoto Muhimbili huandika tasnifu ya utafiti. Lakini tasnifu moja haitoshi: apewe pia mwalimu mtafiti, elimu ya takwimu, na muda usiomezwa na zamu. Asiyefundishwa kuuliza hurithi kosa la mwalimu wake, kisha naye hulifundisha.