Manjano Hufanya Kazi Kwenye Utumbo Mpana

Manjano husifiwa kuliko viungo vyote vya jikoni, lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Kurkumini, kemikali inayoupa mchuzi rangi na kung'ang'ania kwenye mwiko na kucha za mpishi, haiyeyuki vizuri katika maji, na ile kidogo inayopenya ukuta wa utumbo hubadilishwa haraka na ini. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu kurkumini pamoja na piperini ya pilipili manga, na kiwango chake kwenye damu kikapanda mara 20. Tangu hapo wauza vidonge hawana hadithi nyingine.

Kwa maoni yangu, wanatutazamisha upande usio sahihi. Kurkumini isiyofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, kwenye matrilioni ya bakteria. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba E. koli, bakteria tunayemjua zaidi kwa ubaya, ana kimeng'enya cha kuigeuza kuwa kemikali nyingine. Viungo navyo huwagusa bakteria. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, watu wazima 54 walikula chakula cha kawaida kilichotiwa mchanganyiko wa viungo 24. Baada ya wiki nne za gramu 6.6 kwa siku, liliongezeka kundi la bakteria ambalo wengi wake hutengeneza butireti, chakula kikuu cha seli za utumbo mpana.

Lakini butireti hutokana hasa na nyuzinyuzi. Ndiyo maana naithamini sana sufuria ya kunde au choroko: manjano yakaangwe kidogo na kitunguu mpaka mafuta yageuke rangi, maana kurkumini huyeyuka kwenye mafuta, kisha tui lifuate.

Na pilipili? Wengi wameachishwa pilipili kwa miaka huku vidonda vya tumbo vikiendelea. Vidonda hivyo husababishwa zaidi na bakteria Helikobakta pailori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama aspirini. Pilipili inaweza kuwasha tumbo lenye kidonda, lakini kuiacha hakumwui bakteria huyo. Kapime.

Vidonge vya manjano vyenye piperini ni jambo jingine kabisa. Vimeshawaumiza watu ini, na piperini hubadili jinsi mwili unavyoshughulikia dawa. Anayetumia dawa kila siku, hasa za kuzuia damu kuganda, amwone daktari wake kabla ya kuvinunua.