Laptopu ilipotuaibisha mbele ya bibi harusi

HAKUNA siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima kama usiku ule wa harusi pale Kilindoni, Mafia. Ukumbi umefurika, akina mama wametinga sare, taarabu inarindima. Mama mzazi wa bibi harusi ndo kwanza kanyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji wetu. Mara, kimya! Mdundo ukakata, spika zikanyamaza kama zimemwagiwa maji. Mwimbaji kabaki mdomo wazi, mama wa watu kasimama katikati ya zulia, noti juu.

Nikaitazama laptopu yangu. Kioo cha buluu, na maandishi kwamba mashine inajisasisha, nisiizime, kazi imefikia asilimia 3.

Asilimia 3, ndugu msomaji! Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa dumbaki. Kusema kweli tulimchukua kwa kuoneana haya tu, maana ngoma, besi na fidla zote zilikuwa ndani ya mashine. Mzee hakuuliza kitu. Aliivuta dumbaki yake mapajani akaanza kupiga, mwimbaji akadaka, akina mama wakajibu kwa makofi, na mama mtu akatunza kama kawaida. Ilikwenda hivyo dakika 20 nzima. Wapo waliodhani ndivyo ilivyopangwa.

Mwenye shughuli hakudanganyika. Kesho yake alitulipa nusu. "Kijana wangu," akaniambia, "mimi nilikodi bendi, sikukodi mzee mmoja." Sikuwa na la kujibu.

Kwa nini laptopu?

Msomaji utauliza, mashine ya nini kwenye taarabu? Ni kweli, Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijengwa juu ya udi, kanuni na fidla. Miaka ya 1990 vinanda vya umeme vikashika usukani, makundi kama East African Melody na TOT yakatamba. Siku hizi vijana wa singeli wa Mburahati jijini Dar es Salaam wanarusha shoo nzima kwa laptopu moja na kipaza sauti.

Kwetu sisi tunaofuata shughuli visiwani, sababu ni nyepesi: safari. Kuvusha wapigaji 12 na vyombo vyao kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni ni gharama ambayo mwenye harusi haibebi. Laptopu inaingia kwenye begi la mgongoni. Ila begi hilohilo ndilo linaloweza kukuvunjia heshima. Basi haya ndiyo niliyojifunza kwa aibu yangu.

Fanya usafi mapema

Wiki moja kabla ya shughuli, iache mashine ijisasishe yote inayotaka, kisha uiwashe upya na kuijaribu. Baada ya hapo usiongeze programu hata moja. Siku ya kazi zima intaneti, zima Bluetooth kama huitumii, zima milio ya ujumbe. Mlio mdogo wa simu nyumbani ni kengele ya shule ukipitia spika kubwa. Iamuru pia isilale, isizime kioo, na isizime matundu ya USB ili kubana umeme.

Nyimbo zako ziweke ndani ya mashine yenyewe. Flashi ni ya akiba. Ikiguswa na kiwiko tu, wimbo umekufa.

Kuna kitu kinaitwa bafa, yaani sauti kidogo ambayo mashine inaitunza kabla ya kuitoa. Ukiwa kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 inachelewesha sauti kama milisekunde 3, na ya 1,024 kama milisekunde 23. Ikiwa ndogo mno, mashine inazidiwa na sauti inakwaruza. Ikiwa kubwa, unabonyeza kinanda sasa, sauti inakuja baadaye kama mgeni wa mwaliko. Kwa hiyo kama unacheza midundo iliyorekodiwa tu, weka bafa kubwa, ulale usingizi. Kama unapiga kinanda kupitia laptopu, anza na 256, ushuke kama mashine ina nguvu.

Umeme na chumvi

Chaja ichomeke muda wote, na betri iwe nzima, ili umeme ukiyumba mashine isijue. Ukisikia mngurumo kwenye spika kila ukichomeka chaja, chomeka laptopu na mikisa kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, tafuta kiboksi cha DI cha kutenganisha sauti na umeme. Kamwe usikate mguu wa ethi kwenye plagi! Mngurumo haujamuua mtu, shoti inaua.

Upepo wa bahari nao una mambo. Chumvi na unyevu hula vichwa vya waya taratibu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mimi sivitupi. Vinakaa kwenye begi la laptopu, na begi linakaa ndani ya mfuko wa nailoni tukiwa baharini. Ukumbini usiiweke mashine juu ya kitambaa cha meza, inaziba pumzi. Iinue kidogo kwa ubao, upepo upite chini.

Jaribio la kweli

Wengi tunajaribu wimbo mmoja tunasema poa. Hapana! Kama shughuli ni ya saa 3, ijaribu kwa saa 3, nyumbani, mchana wa joto, na waya zilezile. Balaa nyingi zinakuja mashine ikishapata moto.

Mwisho, uwe na mlango wa uani. Mimi sasa simu yangu ina nyimbo zote kwa mpangilio uleule, imezimwa mtandao, imechomekwa kwenye tundu lake la mikisa, sauti imeshushwa. Laptopu ikigoma, nanyanyua kidole kimoja tu.

Na mlango wa pili ni yule mzee wa dumbaki. Siku hizi hatumchukui kwa haya. Ana kipaza sauti chake, ana malipo sawa na yangu, na kila wimbo tunaufanyia mazoezi mara mbili: mara moja na mashine, mara moja bila mashine.

Juzi nilimuuliza kama haiogopi laptopu kumnyang'anya kazi. Akacheka, akagonga dumbaki. "Hii mjukuu wangu, tangu niinunue haijawahi kuniomba nisubiri."

Haya, tukutane wiki ijayo.