UZI: Je, Suna ni "ngome"? Tuelewane kuhusu kura za mitaa ya pembeni mwa mji wa Migori

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, lazima utasikia mchambuzi redioni akisema, "Suna hiyo imeisha, ni ngome." Wasee, pole pole. Mimi nasomea sayansi ya siasa na nakaa Oruba, kwa hivyo hii stori inanihusu mara mbili. Sitataja mwanasiasa wala chama. Tushuke nayo 👇🏾

2/ Kwanza ramani. Suna ni maeneobunge mawili, Mashariki na Magharibi. Yalitokana na kugawanywa kwa lile la zamani la Migori kabla ya uchaguzi wa 2013. Kaunti nzima ina maeneobunge 8 na wadi 40. Mji umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Isebania, na mitaa kama Oruba inazidi kupanuka kando yake.

3/ Nani anaishi huku? Kuna wenyeji, Wasuna, watu wenye asili moja na Wasuba ambao leo wengi wanaongea Dholuo. Angalia majina ya wadi: Wiga, Wasweta II, Wasimbete. Hayo ni majina ya koo. Halafu kuna sisi wapangaji: walimu, wauguzi, watu wa bodaboda, wafanyabiashara kutoka Kuria, Kisii na kwingineko.

4/ Sasa shika hii: Mkenya hapigi kura moja, anapiga sita. Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Mwanasiasa akikuambia "piga suti", anataka zote sita ziende chama kimoja. Swali ni, je, watu wa huku huvaa hiyo suti?

5/ Rekodi inasema si kila mara. Mwaka 2013 kaunti ya Migori ilimpa mgombea mmoja wa urais kura nyingi sana, lakini siku hiyo hiyo ikachagua gavana wa chama kingine kidogo. Mwaka 2017 Suna Magharibi ilipeleka bungeni mgombea huru, mtu asiye na chama kabisa.

6/ Kisha Oktoba 2018 kukawa na uchaguzi mdogo wa useneta. Chama kikubwa kilishinda kwa kura kama 85,000, lakini kijana wa chama kidogo akapata zaidi ya 60,000. Hiyo ni ngome gani ambayo mpinzani anaingia mpaka sebuleni?

7/ Kwa nini iwe hivyo? Kura ya rais ni hesabu ya nchi nzima. Katiba inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Mtu anajua kura yake peke yake haifiki mbali, kwa hivyo anapiga pamoja na jamii yake. Kura ya MCA ni tofauti. Hapo unamuuliza mtu kuhusu mtaro, taka, maji na zahanati. Unamjua, unamjua na babake.

8/ Kura ya jamii si ujinga, jameni. Hata ukoo ni njia ya kudai zamu. Tangu 2013 naibu gavana wa Migori ametoka jamii ya Wakuria, na hiyo haikutokea kwa bahati. Ni maelewano, ili walio wachache wasihisi wametupwa nje.

9/ Lakini maelewano yana gharama. Chama kimoja kikiwa na nguvu sana, uchaguzi wenyewe unahamia kwa mchujo. Usipojitokeza kwa mchujo, siku ya Agosti unaweza kukuta wenzako walishaamua.

10/ Sasa tatizo letu sisi watu wa pembeni mwa mji. Wengi tunalala huku lakini tumesajiliwa ocha. Mimi 2022 nilipiga kura kwa dani, Uriri. Nilirudi Oruba nikakuta mtaro wa ploti yetu umeziba vile vile. Nilitaka kumlaumu MCA wa huku, kisha nikajiuliza: ananidai nini? Kura yangu hakuwahi kuihitaji.

11/ Ndiyo maana wagombea hupiga kambi kwa matanga na harambee za wenyeji, na ploti za wapangaji wanapita tu na kipaza sauti. Hawatuchukii. Wamepiga hesabu, na sisi hatumo.

12/ Kuna dawa. Sheria inakuruhusu kuhamisha usajili wako, mradi ufanye hivyo angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Unaenda kwa ofisi ya IEBC ya eneobunge unakotaka kupigia kura, na kitambulisho chako. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027.

13/ Kuna wanaosema kupiga kura nyumbani ni heshima, kwa sababu huko ndiko utazikwa. Naelewa, dani yangu mwenyewe hakufurahi nilipomwambia nahama. Lakini nilimwambia hivi: "Dani, nitazikwa huko, ila maji nachota huku."

14/ Kwa hivyo mtu akikuambia "Suna ni ngome", muulize: kwa kura gani kati ya sita? Na wewe unayesoma hii, umesajiliwa wapi, na maji unachota wapi? Nijibu hapo chini, kwa heshima 🙏🏾